Damu Mpya Inapoanza Kuvunjika

Ninafanya kazi katika benki ya damu ya hospitali kubwa kaskazini mwa Uingereza, hospitali yenye wodi ya kupandikiza uloto. Nilisomea maabara Tanzania, nikafanya mitihani upya huku, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni moja: kuhakikisha damu inayotoka kwenye majokofu yetu haimdhuru anayeipokea. Wagonjwa wengi siwajui kwa sura. Ninawajua kwa vichupa vya sampuli zao, kwa rangi ya plazma, kwa jinsi chembe zao zinavyogandana, kwa historia iliyoandikwa kwenye kompyuta. Sampuli inayonifanya niweke kando nyingine zote ni ya mtu aliyepandikizwa seli shina kwa sababu ya saratani ya damu, akapona, akarudi nyumbani kwake, kisha miezi kadhaa baadaye damu yake ikaanza kushuka.

Familia ikisikia damu imeshuka huuliza swali moja tu: saratani imerudi? Wakati mwingine imerudi kweli. Lakini yapo magonjwa mengine ya damu yanayozaliwa na upandikizaji wenyewe, na hayo hayazungumzwi vya kutosha, hata katika vikao vya kumweleza mgonjwa hatari zinazomkabili kabla hajatia saini. Nimeona watu wakiishi na hofu ya lukemia kwa siku nyingi, kumbe kilichokuwa kinawamaliza ni kingamwili zinazovunja chembe nyekundu, jambo ambalo kipimo cha muda mfupi mezani kwetu kinalionyesha. Damu ikishuka baada ya upandikizaji, lazima ijulikane inashuka kwa nini, maana sababu ni nyingi, na dawa ya moja inaweza kumuumiza vibaya mwenye nyingine.

Mgonjwa wa lukemia hupewa dawa kali, pengine pamoja na mionzi, ili kuua uloto wake uliojaa seli za saratani. Kisha seli shina za mchangiaji huingizwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida. Zinajitafutia njia hadi ndani ya mifupa, na baada ya wiki mbili au tatu huanza kutengeneza damu. E. Donnall Thomas alichapisha taarifa ya majaribio yake ya kwanza mwaka 1957 huko Marekani. Wagonjwa wake wa mwanzo hawakuishi muda mrefu, lakini hakuacha, na kazi aliyokuja kuikomaza Seattle ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kilichofungua njia ni kuielewa HLA, zile alama zilizo juu ya seli ambazo mfumo wa kinga huzitumia kumtambua wa nyumbani na mgeni. Mgonjwa na mchangiaji wakifanana HLA, nafasi ya kufanikiwa huongezeka. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kufanana nawe kikamilifu.

Watu wengi hushangaa kuambiwa kwamba katika kutafuta mchangiaji, kundi la damu halipewi uzito mkubwa. Jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya 6, na jeni ya makundi A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9, kwa hiyo hurithiwa kila moja kivyake. Ndugu wawili wanaweza kufanana HLA yote huku mmoja akiwa A na mwingine O. Kati ya wanaopandikizwa seli za mtu mwingine, wapatao asilimia 40 hupokea uloto wa kundi tofauti na lao. Maana yake ni kwamba mtu aliyezaliwa akiwa A atamaliza maisha yake akiwa na chembe nyekundu za O. Kwenye kadi zetu za jeli mabadiliko hayo tunayaona kwa macho: chembe za zamani zinagandana na kubaki juu ya safu, chembe mpya zinapita na kutulia chini. Wiki baada ya wiki mstari wa juu unafifia na wa chini unanenepa, mpaka siku moja wa juu haupo tena. Sijawahi kuchoka kuutazama mstari huo ukiondoka, kwa sababu najua kuna mtu wodini ambaye uhai wake unategemea kuondoka huko.

Hatari ya kwanza inatokea humo humo kwenye mpito. Chukua mgonjwa wa kundi A aliyepewa seli za mchangiaji wa O. Ndani ya mfuko ule wa seli shina kuna pia limfosaiti za mchangiaji, seli za kinga ambazo tangu zamani zilikwisha kujua kwamba A ni adui. Zikifika ndani ya mwili uliojaa chembe za A, zinaamka na kuanza kutengeneza kingamwili. Kati ya siku ya 5 na ya 15 baada ya upandikizaji, himoglobini inaweza kuporomoka kwa kasi inayotisha, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano. Dawa ya haraka ni kuongeza damu ya kundi O, ambayo kingamwili hizo hazina la kuifanya. Ndiyo sababu wodi yetu na sisi tunakubaliana mapema, kabla mgonjwa hajaanza hata dawa za maandalizi, kuhusu kundi atakalopewa katika kila hatua. Mpango huo ukiwa umeandikwa, tatizo hili mara nyingi halifiki mbali.

Hali ya kinyume chake ni ya polepole zaidi, na inachosha roho. Mgonjwa ni O, mchangiaji ni A. Seli mpya zimeshika, chembe nyeupe zimepanda, chembe sahani zimepanda, kila mtu anafurahi, ila himoglobini imekataa kupanda. Tunahesabu chembe nyekundu changa, tunakuta karibu hakuna. Ndani ya mifupa ya mgonjwa bado zimebaki seli zake za zamani za kutengeneza kingamwili, ambazo ni ngumu kufa kuliko tunavyopenda, na zinaendelea kumwaga kingamwili dhidi ya A. Kila chembe nyekundu changa ya A inayojaribu kukua inauawa ikiwa bado utotoni. Nimemwona mtu akiishi kwa kuongezewa damu kila baada ya wiki mbili kwa karibu mwaka mzima kwa sababu ya hali hii, huku lukemia haionekani popote. Kila chupa ya damu ina kiasi cha miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, na mwili hauna njia ya kuyatoa yaliyozidi. Kwa hiyo ini na moyo navyo vinaanza kulemewa. Tunachofanya maabara ni kupima nguvu ya kingamwili mara kwa mara. Ikianza kupungua, ninampigia simu daktari mwenyewe bila kungoja aone ripoti, maana ni habari njema na habari njema wodini ni chache. Wengine hupona kwa kupunguziwa siklosporini, dawa ya kuibana kinga, ili kinga mpya iimalize ile ya zamani. Wengine huhitaji rituksimabu, au daratumumabu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya mayeloma.

Lakini ugonjwa ninaouogopa kuliko hayo yote ni ule ambao haumhusu mtu wa zamani na mtu mpya. Ni kinga ya mchangiaji kuishambulia damu ya mchangiaji huyo huyo.

Jambo hili ni gumu kulieleza, na hata madaktari vijana huniuliza mara mbili. Miezi minne, sita, pengine kumi imepita tangu upandikizaji. Vipimo vya vinasaba vinaonyesha damu yote ni ya mchangiaji, asilimia mia. Saratani haipo. Halafu mgonjwa anakuja kliniki amechoka, amepauka, himoglobini imeshuka hadi gramu 5 kwa desilita. Sampuli inafika kwetu, tunafanya kipimo alichobuni Robin Coombs na wenzake Cambridge mwaka 1945, na kinatoka chanya kwa nguvu: chembe nyekundu zimevikwa kingamwili. Tunachukua plazma yake na kuijaribu na chembe za watu mbalimbali tulizo nazo kwa ajili ya uchunguzi, zote zinagandana. Tunaijaribu na chembe zake mwenyewe, nazo pia zinagandana. Kinga mpya imeota katika mwili ambao tezi ya thaimasi, inayofundisha seli za kinga kutodhuru vya nyumbani, imeharibiwa na dawa na mionzi. Zile seli zinazopaswa kuituliza kinga zimekuja chache au zimechelewa. Kinga hiyo haijapata malezi, kwa hiyo inashika chochote.

Taarifa nyingi za vituo vya upandikizaji zinakadiria kwamba wanaopatwa na ugonjwa huu ni kati ya asilimia 2 na 5 ya waliopokea seli za mtu mwingine. Hatari ni kubwa zaidi mchangiaji asipokuwa ndugu, au asipofanana kikamilifu, au seli zikitoka kwenye damu ya kitovu, au mgonjwa akiwa na pandikizi linalomshambulia mwili kwa muda mrefu. Waafrika hatuna budi kulitazama hili kwa makini. HLA zetu ni za aina nyingi mno, na waliojiandikisha kuchangia ni wachache. Sajili kuu ya Marekani inasema mgonjwa mweusi ana nafasi ya asilimia 29 tu ya kumpata mchangiaji asiye ndugu anayefanana naye kikamilifu, wakati mzungu ana asilimia 79. Kwa hiyo wagonjwa wetu wengi hupandikizwa seli za mzazi, mtoto au ndugu aliyefanana nao nusu. Njia hiyo imewaokoa watu wengi, na mimi ninaiunga mkono kwa moyo wote, lakini anayeipitia anahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Usiku wa zamu ndipo ugonjwa huu unapokuwa mzito. Daktari anataka chupa mbili za damu sasa hivi. Mimi ninajua hakuna chupa hata moja humu ndani itakayooana na plazma ya mgonjwa, kwa sababu kingamwili zake zinashika kila chembe ya binadamu. Kazi yangu saa hiyo ni kutafuta kama chini ya kingamwili hiyo inayoshika kila kitu imejificha nyingine, ya kweli zaidi, iliyotokana na damu alizoongezewa zamani, ambayo inaweza kumuua ndani ya saa chache. Tunaifyonza ile kingamwili ya jumla kwa kutumia chembe za watu wengine, kisha tunapima kilichobaki. Hatuwezi kutumia chembe zake mwenyewe, kwa kuwa ndani ya mishipa yake kuna chembe za watoa damu wengi. Hata kupima jeni zake za makundi madogo ya damu kunahitaji akili, maana DNA iliyo katika damu yake ni ya mchangiaji. Ni kazi ya saa nyingi. Himoglobini ikifika gramu 4 na mapigo ya moyo yanakimbia, hakuna saa nyingi. Hapo tunazungumza, mimi na daktari, kwa maneno ya wazi: tunamchagulia damu ya O inayofanana na makundi ya Rh na Kell ya mchangiaji, inaingizwa polepole, muuguzi akiwa kando ya kitanda. Kumnyima damu kwa sababu kipimo kimesema haioani kungekuwa kumwacha afe mikononi mwetu. Naamini kila benki ya damu inayohudumia wagonjwa hawa inapaswa kuwa na mtu anayeweza kulifanya jambo hili saa nane za usiku, na kila daktari wao awe na namba yake ya simu.

Tiba yenyewe ina mtego. Steroidi kwa dozi kubwa ndiyo mwanzo, kisha rituksimabu, kisha nyingine kama hazikutosha. Zote zinaibana kinga, na kinga hiyo hiyo ya mchangiaji ndiyo inayowinda mabaki ya lukemia. Ukiibana sana, unalinda chembe nyekundu na kuipa saratani nafasi, na maambukizi nayo yanaingia. Wengi wanaokufa baada ya kupatwa na ugonjwa huu huuawa na maambukizi. Wengine hupatwa na shambulio la pande mbili, chembe nyekundu na chembe sahani zikivunjwa pamoja, hali iliyoelezwa na Robert Evans mwaka 1951 na ambayo bado inabeba jina lake. Hao ndio wenye vipele vyekundu vya damu miguuni na damu puani, huku macho yao yakiwa manjano.

Siku moja daktari aliniomba nipande wodini. Mgonjwa alikuwa kijana wa familia iliyotoka mashariki mwa Kongo, mkalimani alikuwa kwenye simu, na mama yake alikuwa amekataa kuendelea na mazungumzo mpaka aelezwe jambo moja. Nimebadilisha baadhi ya mambo hapa ili wasitambulike. Nilipomwamkia kwa Kiswahili alinishika mkono kwa mikono miwili.

“Mwanangu,” aliniuliza, “ni damu ya kaka yake ndiyo inamukatala?”

Kaka alikuwa ameketi dirishani, ametazama chini. Ndiye aliyetoa seli. Kwa siku zile zote alikuwa amebeba moyoni kwamba damu yake ni mbaya, kwamba ndiyo inayomuua mdogo wake, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

“Hapana, Mama,” nilimjibu. “Damu ya kaka yake haikumkataa. Imekubali kabisa, imejaa mwili mzima, na ndiyo iliyoifukuza ile saratani. Ila walinzi waliokuja nayo bado ni wageni, hawajamjua mwenye nyumba wala watoto wake. Dawa anazopewa ni za kuwatuliza.” Kisha nikamgeukia kaka mtu nikamwambia kwamba hakuna chochote alichokula, alichokunywa wala alichotenda kilichosababisha hili, na kwamba hata mchangiaji mwingine yeyote angeweza kuleta shida hiyo hiyo. Alilia. Tangu siku ile ninasisitiza kwa kila daktari ninayefanya naye kazi: mchangiaji wa ndani ya familia aitwe, aelezwe yeye mwenyewe, asiachwe aokote maana kutoka kwenye nyuso za watu.

Si kila kuvunjika kwa damu ni kazi ya kingamwili. Kuna hali ambayo kipimo cha Coombs kinatoka hasi lakini kila kitu kingine kinasema chembe zinapasuka: kimeng'enya cha LDH kimepanda, protini ya haptoglobini haipo, chembe sahani zimeshuka. Hapo ninarudi kwenye darubini. Ninatandaza tone la damu kwenye kioo, ninalipaka rangi na kutafuta vipande, chembe nyekundu zilizokatwakatwa zikawa na pembe. Nikiviona, simu inapigwa wakati huo huo. Kuta za mishipa midogo zimejeruhiwa, na miongoni mwa vinavyozijeruhi ni siklosporini na takrolimasi, dawa zile zile zinazomlinda mgonjwa dhidi ya pandikizi. Chembe zinapita kwenye mishipa iliyozibwazibwa na kukatika. Shinikizo la damu linapanda, protini inatoka kwenye mkojo, figo zinaanza kushindwa. Dawa ikibadilishwa mapema, na wengine wakipewa ekulizumabu, figo zinaweza kuokolewa. Huyu ukimdhania kuwa na kingamwili na kumwongezea steroidi peke yake, unapoteza siku ambazo figo zake hazina. Mashine za kuhesabu chembe zimekuwa nzuri sana, lakini kioo na darubini havijapitwa na wakati, na mafundi wa maabara vijana wasiruhusu mtu awaambie vinginevyo.

Jingine linahusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Sampuli za uvimbe huo zikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kipya. Kirusi hicho, EBV, karibu kila mtu mzima duniani anacho, kimelala kimya ndani ya seli B, aina mojawapo ya seli za kinga. Baada ya upandikizaji, wakati seli za kinga zinazokichunga hazijarudi, kinaweza kuamka na kuzisukuma seli B, mara nyingi zile za mchangiaji, zizaliane bila breki hadi ziwe saratani ya limfu. Homa, tezi zilizovimba shingoni, damu isiyopanda. Hutokea zaidi mwaka wa kwanza. Sasa tunapima wingi wa kirusi kwa ratiba, na ukianza kupanda rituksimabu hutolewa kabla uvimbe haujaonekana. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 Ulaya imeidhinisha pia tiba ya seli T zilizofunzwa kukisaka kirusi hicho. Watoto wa Kampala walichangia katika ujuzi huu, na wagonjwa wa Leeds na Berlin wananufaika nao leo. Ningependa siku moja uwe wa kawaida hata Kampala kwenyewe.

Lukemia inayotokana na seli za mchangiaji ni nadra sana, lakini nitaitaja kwa sababu inabadilisha namna ya kufikiri. Mwaka 1971 madaktari wa Seattle walieleza habari za msichana aliyepandikizwa uloto wa kaka yake. Lukemia ilipojitokeza tena, seli za saratani zilikuwa na kromosomu Y. Ilikuwa saratani mpya kabisa, iliyozaliwa katika seli za kaka ndani ya mwili wa dada. Kwa hiyo hata lukemia ikionekana tena, swali la “ni ya nani?” bado linapaswa kuulizwa, kwa kuwa jibu lake linaamua kama mchangiaji yule yule anaweza kutumika tena, na kama afya yake naye ichunguzwe.

Na mgonjwa hurithi zaidi ya kundi la damu. Mchangiaji akiwa na vinasaba vya AS vya selimundu, mpokeaji naye atasomeka AS. Mchangiaji akiwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, jambo la kawaida sana pwani yetu na maeneo mengine yenye malaria, chembe nyekundu za mpokeaji zitakuwa na upungufu huo, hata kama hakuzaliwa nao. Sasa fikiria mtu kama huyo akipewa dapsoni kuzuia nimonia, au primakwini kwa ajili ya malaria. Damu yake inaweza kuvunjika kwa kishindo, na cheti chake cha zamani kitasema G6PD yake ni nzima.

Hapa ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo kuhusu nyumbani. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, ikianza na wagonjwa wa mayeloma waliorudishiwa seli zao wenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Nimefurahi kupita kiasi. Lakini wagonjwa wengi wa lukemia kutoka Tanzania, Kenya na majirani zao bado huenda kupandikizwa India au kwingineko, kisha hurudi. Miezi sita baadaye wanaugua, wanapelekwa hospitali iliyo karibu. Faili liko Chennai au Delhi. Kadi ya zamani ya mgonjwa inasema A. Fundi anapima chembe na kupata O. Anapima plazma na kukuta haina kingamwili dhidi ya A kama mtu wa O anavyopaswa kuwa nayo, kwa sababu ngozi na mishipa ya mgonjwa bado ni vya A na kinga mpya mara nyingi imekubali kuviacha. Matokeo hayakubaliani. Fundi yule hana kosa lolote. Amenyimwa habari moja tu, na habari hiyo ndiyo inayoamua usalama wa mtu aliye mbele yake. Pia hajui kwamba mgonjwa huyu anaweza bado kuhitaji damu iliyopigwa mionzi ya angalau greyi 25, ili limfosaiti za mtoa damu zisiote mwilini mwake na kumshambulia. Si kila benki ya damu ina mashine hiyo, kwa hiyo hospitali inahitaji kujua mapema ni wapi itaipata.

Wewe uliyepandikizwa, au mwenye ndugu aliyepandikizwa, nakuomba usipande ndege ya kurudi bila karatasi moja iliyoandikwa na kutiwa saini na daktari wako. Iseme tarehe ya upandikizaji, kundi lako la damu la zamani, kundi la mchangiaji, uhusiano wenu na kiwango cha kufanana. Iseme kama mchangiaji alipimwa selimundu na G6PD na majibu yalikuwa nini, kama una kingamwili yoyote iliyowahi kuonekana, dawa unazotumia, na hadi lini utahitaji damu iliyopigwa mionzi. Ipige picha uiweke kwenye simu, mpe nakala mtu unayeishi naye, na ipeleke mwenyewe benki ya damu ya hospitali iliyo karibu nawe ukiwa bado mzima. Ukichoka isivyo kawaida, macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi, au ukiona vipele vya damu miguuni, nenda siku hiyo hiyo, waonyeshe karatasi hiyo, na waombe wapime Coombs na waitazame damu yako kwa darubini kabla mtu yeyote hajakuambia kwamba saratani imerudi.